Mkasi wa Mwisho wa Msimu: Hotuba kwa Wapenda Bustani

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, nanyi nyote wapenda bustani mliofika leo mkiwa bado na udongo chini ya kucha, nawasalimu kwa heshima. Nimeombwa nizungumzie upangaji wa maua katika wiki za mwisho za msimu wa majani kupukutika, na nimeombwa pia nigusie kazi za bustani za msimu huohuo. Waandaaji waliyaandika haya kama mambo mawili, wakayatenga kwa mkato. Kwa ruhusa yenu nitaufuta mkato huo, kwa sababu katika miaka yote niliyootesha maua nimeona kuwa kazi hizi ni moja: mkasi unaokata ua la kupeleka ndani ndio unaoanza kuifunga bustani, na mtu anayejua anakata nini, wapi na kwa nini huwa amekwisha kuimaliza nusu ya kazi ya msimu kabla hajashika jembe.

Niseme kwanza neno moja juu ya jina la msimu wenyewe. Kamusi zetu hutaja "vuli", lakini wengi wetu tukilisikia neno hilo tunaona mvua fupi na mashamba yanayochipua, yaani kinyume kabisa cha ninachokizungumzia. Kwa hiyo nitasema "mapukutiko", nikimaanisha kile kipindi katika nchi zenye majira manne ambapo mchana hufupika, majani hugeuka rangi na kuanguka, na baridi ikaanza kubisha hodi. Kaskazini mwa ikweta wiki zake za mwisho huangukia Novemba. Kusini huangukia Mei. Nikitaja mwezi leo nitakuwa nataja wa kaskazini, na wenzetu wa kusini watanisamehe kwa kuwalazimisha kuhesabu miezi sita mbele.

Anayetawala wiki hizi ni sakitu, ule unga mweupe wa barafu unaotanda juu ya majani alfajiri. Mwenye kupanga maua asipoijua tabia yake, atapanga mwaka mmoja na kulia mwaka unaofuata. Sakitu haiji tu kwa sababu mchana ulikuwa na baridi. Huja hasa usiku wenye anga safi na usio na upepo, kwa kuwa ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani na hapana wingu la kuifunika kama blanketi. Hewa baridi nayo ni nzito, hivyo huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana mimea iliyo kwenye bonde la bustani huungua siku kadhaa kabla ya ile iliyo mteremkoni, ingawa hatua zinazoitenganisha ni chache. Mkulima wa maua anayetoka nje saa kumi na moja jioni, akaziona nyota za kwanza ziking'aa na bendera ya jirani imelala mlingotini, anapaswa kurudi ndani kuchukua mkasi na ndoo, si shali.

Katika usiku kama huo, maua yamegawanyika makundi mawili. Dalia, kosmosi na zinia hazina kinga. Usiku mmoja wenye sakitu huzigeuza kuwa vitambaa vyeusi vilivyolowa. Krisanthemamu, asta na sedumu huvumilia sakitu nyepesi na kuendelea kuchanua. Basi jioni hiyo kata kila ua zuri la kundi la kwanza bila kujibana, na usijiulize kama unaifanya bustani ionekane tupu, kwa maana kesho itakuwa tupu hata usipokata. Kundi la pili liache shambani, ukate kidogokidogo kadiri nyumba inavyohitaji. Nimewahi kuona watu wakifanya kinyume: wanazionea huruma dalia kwa sababu ni nzuri, wanazimaliza krisanthemamu kwa sababu ni nyingi, na kufikia katikati ya mwezi hawana hata shina moja la kuweka mezani.

Dalia inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo malkia wa ndoo ya jioni ile. Asili yake ni nyanda za juu za Mexico, ambako tangu mwaka 1963 ni ua rasmi la taifa. Tofauti na waridi au yungiyungi, tumba la dalia likikatwa likiwa limefumba halifunguki tena ndani ya maji, au hufunguka robo tu na kusinyaa. Kwa hiyo kata ua lililokwisha kuchanua karibu lote. Kisha lipindue ulitazame kisogoni, kwa sababu dalia huzeekea nyuma: petali za nyuma zikiwa ngumu na zenye rangi kamili, ua lina siku nne au tano mbele yake, zikiwa zimelegea na kukauka kama karatasi, liache, hata kama uso wake unakutabasamia.

Saa ya kukata ni alfajiri au jioni, wakati mashina yamejaa maji, na ndoo ndiyo iende kwenye mmea, mmea usiende kwenye ndoo. Kila shina liingie majini papo hapo baada ya kukatwa, kwani likikaa hewani mirija yake hunyonya viputo vya hewa ambavyo baadaye huyazuia maji kupanda. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa jani likioza majini hulisha bakteria, na bakteria ndio wanaoziba mirija na kulinyonga ua likiwa limezungukwa na maji tele. Baada ya hapo iache ndoo mahali penye giza na ubaridi kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kuona matokeo. Ningeambiwa nichague kati ya usiku mmoja ndani ya ndoo na kila aina ya unga wa kurefusha maisha ya maua, ningechagua ndoo.

Krisanthemamu ni habari nyingine, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu napenda kisa chake. Kwa nini ua hili lisubiri hadi wenzake wote waondoke? Mwaka 1920 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kuwa mimea mingi huyatambua majira kwa urefu wa mchana. Walikuwa wamesumbuliwa na tumbaku ya aina moja ambayo kiangazi kizima ilirefuka tu bila kutoa ua. Walipoifupishia mchana kwa kuifungia gizani, ikachanua. Baadaye ilibainika kuwa kinachopimwa hasa ni usiku, yaani urefu wa giza lisilokatizwa. Krisanthemamu ni mmea wa namna hiyo: hufanya matumba usiku unaporefuka. Wakulima wa nyumba za vioo huitumia tabia hii kwa kuwasha taa katikati ya usiku ili kuuchelewesha uchanuaji hadi siku wanayoitaka. Kwa sisi wa bustani ndogo, fundisho ni la upande wa pili. Ukiwa na kichaka cha krisanthemamu kinachokawia kila mwaka huku vingine vya aina ileile vikiwa tayari, usikimbilie mbolea. Simama hapo usiku uangalie kama taa ya barazani haikimuliki hadi saa sita.

Katika chombo, krisanthemamu hudumu hata wiki mbili, lakini majani yake hufa kabla ya ua. Yaondoe mapema karibu yote, kisha azima kijani kutoka kwa mmea mwingine. Na jambo la adabu, kwa wale watakaosafiri: nchini Ufaransa krisanthemamu ni ua la makaburini, linalopelekwa kwa wingi kuizunguka tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote. Shada utakalompelekea mwenyeji wako wa huko kwa nia njema linaweza kupokewa kwa kimya kirefu.

Maua mengine ya mwisho nitayapitia haraka. Asta hujaza nafasi vizuri, ila humwaga unga wake juu ya meza. Anemoni iitwayo ya Kijapani, ambayo kwa asili ni ya China, huonekana dhaifu lakini hudumu ikikatwa ikiwa tumba limeanza tu kufunguka. Nerini, kitunguu kilichotoka Afrika Kusini, hutoa ua la waridi kali wakati ambapo hakuna mwingine mwenye rangi hiyo, na hupenda kusongamana, kwa hiyo usiihamishe ovyo. Zafarani nayo huchanua msimu huu: ua la zambarau lililo karibu na ardhi, lenye nyuzi tatu nyekundu ambazo ndizo kiungo chenyewe, na gramu moja ya kiungo kikavu huhitaji maua kama 150. Tahadhari moja tu. Kuna ua liitwalo kolchikamu linalofanana nayo sana na kuchanua wakati uleule, nalo lina sumu kali inayoweza kuua. Hesabu vijiti vya chavua: zafarani ina vitatu, kolchikamu ina sita. Asiyekuwa na hakika asichume chochote cha kula. Na anayekata akoniti, lile ua la buluu lenye kofia, avae glavu na anawe mikono, kwa maana mmea huo wote ni sumu, shina hata mzizi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa upangaji wa msimu huu. Mapukutiko hayana maua mengi, na anayejaribu kupanga kana kwamba bado ni kiangazi atashindwa kila mara. Utajiri wa wiki hizi uko katika vitu ambavyo si maua: matunda mekundu ya waridi, masuke ya nyasi za mapambo, vichwa vikavu vya mbegu, matawi yenye majani ya shaba na dhahabu, na aivi, ambayo huchanua wakati nyuki wamekwisha kukosa pa kwenda. Mpangaji mmoja maarufu wa Uingereza, Constance Spry, aliyeishi kati ya 1886 na 1960, aliwashangaza watu wa zama zake kwa kuweka kwenye vyombo vya kifahari majani ya kabichi, magugu ya kando ya uzio na matawi yenye matunda, mambo ambayo mwenye duka la maua wa kawaida angeyafagia sakafuni. Huko Japani sanaa ya ikebana ilikuwa imekwisha kutangulia kwa karne nyingi. Kumbukumbu ya mwaka 1462 inamtaja mtawa wa Kyoto, Ikenobo Senkei, kwa umahiri wa kupanga maua, na katika desturi hiyo jani lililotobolewa na mdudu au tawi lililopinda havifichwi. Jani hilo lenye tundu linatamka mwezi gani tumo kwa ufasaha kuliko waridi kumi kutoka kitalu chenye joto.

Lakini majani ya rangi yana hila. Jani hugeuka kwa sababu mti unaivunja klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, na kurudisha mali yake ndani ya shina. Manjano iliyokuwepo siku zote ndipo inapoonekana, na katika baadhi ya miti wekundu hutengenezwa upya. Wakati huohuo, kwenye shingo ya kikonyo mti hujenga ukuta mwembamba wa kujitenga na jani. Ukuta huo ukishakamilika, hakuna maji wala dawa itakayolizuia jani kuanguka mezani kwako. Kwa hiyo vuta jani moja kwa upole kabla ya kukata tawi: likitoka bila kubishana, liache tawi hapo lilipo. Na wale wanaotaka matawi ya kudumu miezi, kwa kutumia sehemu moja ya gliserini na mbili za maji ya moto, wajue kuwa wamechelewa. Tawi la namna hiyo hukatwa majani yakiwa bado ya kijani na yananyonya. Msimu ujao.

Matunda pia yana hila yake. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharakisha uzee wa maua mengi. Tufaha tano nzuri kando ya chombo hupendeza kwenye picha, ila baada ya siku mbili ua ndilo litakalolipa. Matunda ya waridi na beri ndogo ngumu hayana ubaya mkubwa. Bakuli la matunda ya kula lihame meza.

Kuhusu kuyashikilia mashina, naomba niwe wazi, hata kama nitawaudhi baadhi. Sponji ya kijani ya kuchomekea maua, iliyobuniwa Marekani na Vernon Smithers mwaka 1954, ilirahisisha kazi ya mpangaji kuliko kifaa kingine chochote cha karne ile. Lakini ni plastiki, haiozi, husagika kuwa vumbi linaloingia udongoni na majini, na shina lililochomekwa humo hunywa kwa taabu kuliko lililo katika maji matupu. Kwa maua ya bustani sioni sababu ya kuitumia. Kunja kipande cha wavu wa kuku kiwe kama mpira uliolegea, kisukumie ndani ya chombo, basi. Kinatumika miaka kumi. Kwa chombo cha kina kifupi, kile kitako cha misumari ambacho Wajapani hukiita kenzani kinatosha. Na msimu huu tuna msaada mwingine wa bure: matawi magumu yenyewe. Ukianza na matawi matatu au manne yaliyosukwa ndani ya chombo, yanakuwa kimia, na maua laini hupata pa kuegemea.

Anza basi na matawi, kisha vichwa vya mbegu na nyasi, na maua yaje mwisho, machache, katika nafasi ambazo matawi yameziacha. Ile kanuni ya kwamba maua yazidi urefu wa chombo mara moja na nusu ni gongo la mwanafunzi, na siku moja analiacha mlangoni. Tawi likitaka kuinamia upande mmoja hadi karibu liguse meza, lipe nafasi, halafu liwekee uzito upande wa pili, labda kichwa kimoja kikubwa cha dalia kilicho chini kabisa. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni mwanga. Wiki hizi jua huzama mapema, na chombo chako kitatazamwa kwa saa nyingi chini ya taa kuliko chini ya jua. Wekundu wa damu ya mzee na zambarau nzito, ambazo mchana zilikupendeza, jioni hugeuka kuwa shimo jeusi katikati ya meza. Kwa hiyo kila ninapoweka ua jeusijeusi huweka nyuma yake kitu cheupe au cha manjano hafifu, kama masuke ya nyasi au anemoni nyeupe, ili umbo lake lionekane. Kabla ya kuridhika, zima taa kubwa, washa ile ya kona, kaa chini, utazame.

Utunzaji hauna siri kubwa. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, kata sentimita moja au mbili za chini ya shina kwa mshazari, osha chombo kwa sabuni, na usikiweke karibu na kikanza chumba. Kijiko kidogo cha sukari na matone machache ya klorini ya kufulia kwa lita moja ya maji hufanya kazi: sukari humlisha mgonjwa, klorini huwazuia bakteria wasimpokonye sahani. Mashina magumu yapasuliwe kwa mkasi urefu wa sentimita chache, yasipondwe kwa nyundo, kwani nyundo huivunja mirija ileile tunayotaka inywe.

Sasa turudi nje, kwa maana mkasi bado uko mkononi. Nilisema kazi ni moja, na ushahidi wangu wa kwanza ni kipande cha uzi. Unapokata dalia zako kwa ajili ya chombo, funga kwenye kila shina lebo yenye jina na rangi. Baada ya sakitu mimea yote itakuwa nyeusi, na viazi vyake udongoni havina uso. Mwaka mmoja niliacha kufanya hivyo kwa uvivu wa dakika kumi, na majira yaliyofuata nikapanda ukingo niliodhani utakuwa mweupe. Ukachanua rangi ya machungwa, nyekundu na manjano kama gwaride.

Sakitu ikishaunguza majani, subiri siku chache, kisha kata mashina yabaki kama sentimita 15, chimbua kwa uma wa bustani ukianzia mbali ili usivikate viazi shingo, na ugeuze kila shada la viazi kichwa chini kwa wiki mbili au tatu, kwa kuwa mashina ya dalia yana uwazi ndani na maji yaliyotuama humo huozesha taji. Baada ya hapo vihifadhi kwenye kasha lenye mchanga mkavu au maranda ya mbao, mahali pasipoganda lakini pasipo na joto, kama nyuzi 5 hivi. Msivifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nilifanya hivyo nikidhani navikinga na ukavu, na mwezi wa pili nilipofungua mfuko, harufu iliyotoka ilinifanya nifungue na dirisha. Penye baridi nyepesi na udongo usiotuamisha maji, viazi vinaweza kubaki ardhini chini ya tandazo nene. Penye udongo wa mfinyanzi mzito, sikushauri.

Ushahidi wangu wa pili ni mapengo. Ukikata kwa ajili ya chombo kwa wiki tatu mfululizo, unaijua bustani yako kwa mikono: unajua kona ambayo hukupata kitu, na rangi uliyoitafuta ukaikosa. Hayo ndiyo mahali pa kupanda tulipu, na Novemba ndiyo wakati wake. Dafodili hutaka kupandwa mapema, mwezi Septemba, kwa kuwa mizizi yake huanza kazi mapema. Tulipu hunufaika na kuchelewa, kwani udongo ukishapoa, ukungu unaoshambulia majani yake na kuyapindapinda huwa umepungua nguvu. Tulipu pia haiwezi kuchanua vizuri bila kupitia baridi, kwa kawaida wiki 12 hadi 16, jambo ambalo halishangazi kwa mmea ambao ndugu zake wa porini hukaa milimani Asia ya Kati. Zipande kwa kina cha mara tatu ya urefu wa kitunguu, ncha juu, na udongo ukiwa wa mfinyanzi weka changarawe chini.

Na majani yaliyoanguka? Yaondoe kwenye nyasi fupi, ambako huzuia mwanga, na kwenye njia, ambako huteleza. Usiyachome. Yarundike kwenye boma la wavu, au yajaze kwenye mifuko iliyotobolewa, yakiwa yamelowa, uyasahau mwaka mmoja, au miwili kwa majani magumu. Mboji ya majani hutengenezwa na kuvu, polepole na bila joto, tofauti na lundo la jikoni linalofuka mvuke. Haina chakula kingi cha mimea, lakini hushika maji kama sifongo na hakuna kitu bora cha kuoteshea mbegu ndogo. Kabla ya kusogeza lundo lolote la zamani inua kwanza pembeni, maana kalunguyeye hutafuta humo pa kulala majira yote ya baridi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoiacha bustani ikiwa imenyolewa. Mashina yenye uwazi ni vyumba vya nyuki wapweke, na vichwa vya mbegu ni ghala la ndege. Nakata kilichooza, kilichougua na kilichoanguka njiani. Vingine vyote nakata mwishoni mwa majira ya baridi. Na kwa mwenye kupanga maua hii ni faida, kwa kuwa bustani isiyonyolewa ina vitu vya kuweka mezani hata mwezi Januari.

Haidranjia ndiyo inayowachanganya wengi. Ile ya vichwa vikubwa vya mviringo huwa imekwisha kubeba matumba ya mwaka ujao juu ya mashina ya sasa, na vichwa vikavu huyakinga na sakitu. Chukua vichwa vichache kwa ajili ya chombo, ukate mara moja tu juu ya jozi ya kwanza ya matumba yaliyonona, na vingine uviache hadi baridi kali iishe. Ile ya vichwa vya pembetatu huchanua kwenye mashina mapya, kwa hiyo kata utakavyo. Mawaridi marefu yapunguzwe theluthi moja ili upepo usiyatikise hadi mizizi ilegee; upogoaji wenyewe ungoje. Miti ya plamu na cheri usiiguse sasa, kwa sababu jeraha la msimu huu wenye unyevu ni mlango wa kuvu la ugonjwa wa jani la fedha.

Yaliyobaki ni ya dakika chache. Kausha mipira ya maji na ufunge bomba la nje, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na hakuna bomba linalobishana nayo. Inua vyungu vya udongo juu ya vipande vya matofali. Safisha mkasi, upake mafuta, lakini usiuweke mbali.

Nina sababu ya kusema hivyo. Kwenye meza za nyuma mtaona ndoo sita: mbili zina matawi, moja ina nyasi, moja ina vichwa vya mbegu, na mbili zina krisanthemamu na dalia zilizokatwa jana jioni, zikalala gizani usiku kucha. Wavu na vyombo viko kando. Naomba tusogee huko wawili wawili, na tuanze na matawi.